Mashine ya Mpunga kwa Jina la Soudi

Kindu, Kasuku, 24 Februari 2025

Mjomba Djamali,

Asalaam aleikum. Huku sisi wote wazima, ukiwaondoa wale ambao si wazima. Bega la Mama limekataa kabisa kutwanga. Akiinua mchi mara mbili, anaushusha na kuuangalia kama adui. Koko anakusalimu sana na, kama mama yeyote, anasema umekonda. Hajakuona tangu 2002, lakini umekonda.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu iko. Mjomba, wewe mwenyewe unajua jinsi ninavyoongea kwa simu: “ndiyo,” “hapana,” “wazima,” kama muntu aliyeitwa polisi kutoa ushahidi. Nikisikia sauti ya mkubwa, maneno yangu yote yanakimbia, Kifaransa kinatangulia, Kiswahili kinafuata. Kwenye karatasi yanarudi. Na karatasi za mashine lazima zisafiri kwa mkono, zikiwa na sahihi ya kweli na muhuri wa kweli. Basi barua yangu itapanda bure ndani ya bahasha yao.

Jambo lenyewe njo hili. Ile mashine ya kukoboa mpunga uliyomwahidi Koko haiwezi tena kupitia Goma. Tangu mwezi wa kwanza njia ile imefungwa, na Roger, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa Kasuku, sasa anacheza dama mbele ya milango yake. Unakumbuka zamani: mizigo yako aliichanganya na yake, akaitolea karatasi moja kwa jina lake, na sisi kazi yetu ilikuwa kuokota gunia lenye rangi nyekundu. Starehe ile imekwisha. Safari hii mashine itatoka kwako, Kigoma, Kalemie, halafu treni mpaka hapa, kama itajisikia kutembea. Na inataka fakitire yake mwenyewe.

Mama alinituma duane, kwa watu wa ushuru, kuuliza fakitire inataka nini. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka mkubwa mmoja, Sefu Florentin, akadhani nimekuja kufagia. Akanieleza vizuri: nani anauza, nani anapokea, kitu gani hasa, kimetengenezwa nchi gani, kilo ngapi na sanduku na bila sanduku, bei, pesa ya nchi gani, na bei hiyo inafikisha mzigo mpaka wapi. Tarehe, sahihi, muhuri. Nilisema “merci” mara nne hivi. Njo yote niliyosema.

Mpwa wako,
Nuru


Dar es Salaam, 20 Machi 2025

Mpwa wangu Nuru,

Waaleikum salaam. Hapa Kariakoo tunashukuru, joto limetupika upande mmoja, sasa tunasubiri litugeuze. Shangazi yako ana mafua. Watoto wanakusalimu na wanauliza kama Kindu kuna umeme. Nimewaambia kuna umeme, ila una haya kama binamu yao.

Barua yako nimeisoma kwa raha. Kumbe una maneno! Miaka yote nilidhani dada yangu amezaa picha.

Hicho unachokiita fakitire, sisi watu tuliostaarabika tunakiita ankara. Nimeijaza mwenyewe na hii hapa nakala, uipeleke kwa mkubwa wako wa forodha aione kabla sijafunga mzigo. Sijaacha nafasi hata moja. Hata pale ambapo hawakuuliza nimeandika.

Msalimie mama yako, bega lipone. Msalimie Koko, mwambie sijakonda, nina kitambi cha heshima. Msalimie na kaka Soudi.

Mjomba wako,
Djamali


Kindu, 11 Aprili 2025

Mjomba mstaarabu,

Asalaam aleikum. Koko amefurahi kusikia habari ya kitambi lakini anasema ni uvimbe, ujiangalie. Jirani amezaa pacha. Kuku wetu mweupe amepotea na sisi sote tunajua yuko kwenye sufuria ya nani.

Fakitire yako niliipeleka. Sefu Florentin aliisoma mara ya kwanza akiwa amekaa. Mara ya pili akasimama. Halafu akamwita mwenzake aje asome.

Kwenye nafasi ya maelezo ya bidhaa umeandika: “Mashine nzuri sana, haina maneno.” Mjomba, duane haitaki kujua tabia yake. Inataka kujua kama inakoboa au inasaga, injini ni ya dizeli au ya umeme, ni mpya au imetumika, na namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye bei umeandika: “Ya kindugu.” Sefu Florentin aliniuliza, kwa upole wote, kindugu kimoja ni faranga ngapi siku hizi. Kwenye nchi ilikotengenezwa umeandika Kariakoo. Kwenye uzito: “Wanaume wanne.” Pale penye “mengineyo” umeomba Mungu aibariki.

Anasema baraka inaweza kubaki, haitozwi ushuru.

Nimekuandikia upya yote kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili ili ujue unatia sahihi nini. Jaza namba tu. Na tafadhali bei iwe ile uliyolipa kweli. Ukiipunguza wataipandisha wao, ukisema ni zawadi bado watataka thamani yake. Najua kwetu muntu hataji bei ya zawadi. Ifikirie kwamba unamtajia Sefu Florentin, si Koko. Yeye hatakuona una kiburi.

Nafasi ya mpokeaji umeandika “Soudi bin Kizito, Kindu.” Hiyo sikuigusa. Niliiandika vilevile kwenye karatasi mpya.

Nuru


Dar es Salaam, 2 Mei 2025

Mpwa wangu, karani mkuu,

Salaam nyingi. Shangazi yako amepona, mafua nimeyarithi mimi.

Ankara yako nimeijaza, nimeipiga muhuri mpaka meza imetetemeka. Wakala hapa ameitazama akaniuliza ni ofisi gani ya mawakili imeniandalia. Nikasema ni ofisi ya Kindu, mkurugenzi wake ana miaka kumi na sita na haongei na watu.

Mashine imeondoka Jumatatu. Mikanda ya ziada iko ndani, imeandikwa mstari wake peke yake kama ulivyoamrisha. Mwambie mama yako aandae mahali penye sakafu ngumu.

Wasalimie wote. Kaka Soudi naye.

Djamali


Kindu, 30 Juni 2025

Mjomba,

Asalaam aleikum. Mpunga wa Pangi umeanza kuingia. Wakulima wanaushusha mbele ya uwanja wetu na kuuliza mashine iko wapi, maana Koko alishawatangazia. Nimefaulu darasa. Wa kwanza. Nakuambia haraka ili nipite.

Mashine imefika. Treni ilichelewa, halafu ikachelewa tena ili kuzoea, lakini imefika nzima, sanduku halijapasuka. Iko depo ya duane. Mimi na Mama tulienda na karatasi zote, nami nilikuwa na kiburi kidogo, nakubali, kwa sababu kila namba ilikaa sawa. Kilo sawa. Namba ya chuma sawa. Sefu Florentin aliniambia, “Mademoiselle, fakitire kama hii sijaiona mwaka huu.” Niliangalia viatu vyangu.

Halafu akasema, “Basi mpokeaji aje na kitambulisho, karata yake ya uchaguzi, atie sahihi, muchukue mashine yenu. Huyu Bwana Soudi iko wapi?”

Mama akaangalia dirisha.

“Iko Lokandu,” nikasema. Sijui ni nani aliyesema. Ni midomo yangu. Nyumbani njo jibu. Nimelisikia tangu sijaota meno.

“Lokandu ni hapo tu. Atarudi lini?”

Mjomba, wewe unijibie hilo. Kaka yenu mkubwa alipanda mtumbwi mwaka 2002, mji ukiwa umezingirwa na njaa imeingia kila nyumba, kwenda Lokandu kutafuta muchele. Mimi sikuwa nimezaliwa. Sefu Florentin naye, nadhani, alikuwa bado anavaa kaptula. Safari ya siku moja kwa mtumbwi. Nilitaka kumwambia, “Kuna foleni mtoni.”

Mwisho Mama alisema kwa sauti ndogo, “Hajulikani alipo, tangu vita ile.” Sefu Florentin akavua miwani. Hakucheka, wala hakutufokea. Akasema mambo matatu yanawezekana: mwenyewe aje, au tulete cheti cha kifo, au mtumaji, yaani wewe, atengeneze fakitire nyingine yenye jina la muntu anayeweza kufika mbele ya meza. Hii ya mwisho ni rahisi kuliko zote, ni karatasi moja tu. Lakini mizigo haikai depo milele. Mwisho wa mwezi wa tisa isipotolewa, inauzwa mnadani.

Kwa hiyo nakuomba hiyo karatasi moja. Jina la Mama, jina la Koko, hata la kuku aliyebaki. Nimeshakuandalia, ni kutia sahihi tu.

Nuru


Dar es Salaam, 18 Julai 2025

Mpwa wangu Nuru,

Hongera kwa kuwa wa kwanza. Nimewaonyesha barua yako watoto wangu, ambao wao pia ni wa kwanza, ukianza kuhesabu kutoka chini. Mvua imetunyeshea isivyo msimu wake. Timu yangu imefungwa tena. Jirani yangu amenunua gari, na sasa kila asubuhi tunaamka wote kumsukumia.

Kuhusu ankara. Wewe ni mtoto wa shule, unaona ni jina tu. Sikiliza. Tangu niondoke Kindu sijatuma kitu kwa jina jingine. Magunia yote yaliyopita kwa Roger, ile rangi nyekundu uliyokuwa ukiitafuta ilisema nini? SOUDI. Nyumba ina mkubwa wake, na kitu cha nyumba kinakwenda kwa jina la mkubwa. Mimi ni mdogo. Mama yako ni mdogo kuliko mimi. Nitaanzaje, mimi niliyeko huku mbali kwenye feni, kumfuta kaka yangu kwa kalamu na kumweka mwingine? Maana yake itakuwa nini? Nitakuwa nimesema nini mbele ya mama yangu?

Siku ile mtumbwi uliporudi bila yeye, mimi nilikuwa pale ufukweni, na

Basi. Jirani anaita, gari limekataa.

Muulizeni Koko. Yeye ndiye mwenye nyumba. Akisema niandike jina fulani, naandika siku hiyohiyo. Lazima neno litoke kwake.

Djamali


Kindu, 6 Agosti 2025

Mjomba,

Asalaam aleikum. Wote wazima. Pacha wa jirani wana sauti nzuri, hasa wakilia pamoja.

Nilimuuliza Koko. Yaani Mama alinisukuma, mimi nikasimama, nikasema, “Koko, Mjomba Djamali anauliza fakitire aandike jina la nani.” Alikuwa anapepeta. Hakuinua uso.

“Djamali njo mwenye kalamu,” akasema. “Aandike.”

“Anasema neno litoke kwako.”

“Kwangu neno gani? Aliandika Soudi. Mimi nilimukataza?”

“Soudi hawezi kwenda duane, Koko.”

“Akirudi Lokandu ataenda.”

Mama akatoka nje. Mama ni hodari sana wa kutoka nje.

Basi hali iko hivi: wewe unangoja Koko aseme, Koko anangoja wewe uandike, Mama anangoja mlangoni. Mashine inangoja depo. Mpunga unangoja kwenye magunia, panya hawangoji. Na mimi, ambaye siwezi kumuomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni, njo natumwa kati yenu kama mpira. Nakupongezeni. Familia iliyovuka vita mbili imeshindwa na nafasi moja kwenye karatasi.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia muntu. Ukikasirika, kasirikia karatasi. Mjomba Soudi simpendi. Sijawahi kumuona, na ninamuonea wivu. Kitoweo kikija, kipande chake kinawekwa pembeni, halafu kesho yake tunakila kimechacha. Kitanda kizuri ni chake. Mimi nalala mkekani na kitanda kinalala peke yake. Nikileta matokeo ya shule, Koko anasema, “Vizuri, Soudi atafurahi.” Mimi ni wa kwanza darasani na wa pili nyumbani, nyuma ya muntu ambaye hayupo. Usiku huo wa jibu la Koko niliona aibu kwa wivu huo, asubuhi ukarudi.

Tena kitu kingine. Nimejaribu kuandika sahihi yake. Ukurasa mzima wa daftari la hesabu: Soudi, Soudi, Soudi. Ilitoka vizuri. Halafu nikafikiria Sefu Florentin akinisifu kwa sahihi hiyo, nikachoma ukurasa jikoni.

Siku zinakwenda. Mama ameanza tena kutwanga, kwa mkono wa kushoto.

Nuru


Dar es Salaam, 1 Septemba 2025

Nuru,

Salaam. Sisi wazima.

Hii hapa ankara mpya. Kila kitu nimekijaza, bei, kilo, namba, sahihi yangu, muhuri wangu. Nafasi ya mpokeaji nimeiacha tupu. Jazeni ninyi wenyewe huko, jina mnaloliona linafaa. Mimi mkono umekataa, na si kwa ajili ya mafua.

Mama yako asitwange.

Djamali


Kindu, 29 Septemba 2025

Mjomba Djamali,

Asalaam aleikum. Safari hii sianzi na kuku wala na pacha. Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye kusukuma gari la jirani, acha.

Bahasha yako ilifika mchana, nilipotoka shule. Niliona ile nafasi tupu nikacheka peke yangu barabarani, dereva wa pikipiki akageuka kuniangalia. Muntu mwenye kitambi cha heshima, mwenye muhuri wa kutetemesha meza, na ametuma karatasi yenye shimo! Nikasema nitampa Mama. Mama akaisoma, akaikunja, akanirudishia, akakumbuka kwamba ana chumvi ya kununua.

Koko alikuwa uwanjani, anachagua mawe kwenye muchele. Nikachuchumaa mbele yake. Akasema, “Soma.” Nikamsomea mstari kwa mstari, Kifaransa halafu Kiswahili, kama tunavyofanya darasani. Anayeuza. Kitu gani. Kilo. Nilipofika kwenye namba ya chuma akasema, “Mashine moja, na maneno kama ya ndoa.” Nikafika kwenye mpokeaji. Nikaweka kidole hapo.

“Hapo wameandika nini?”

“Hakuna kitu, Koko.”

“Djamali alisahau?”

“Hakusahau. Aliogopa.”

“Aliogopa nini?”

Mjomba, sijui ilikuwaje. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na palepale nikasikia sauti yangu. Nikasema, “Koko, nimekuletea habari. Mjomba Soudi amekufa.”

Mama alikuwa amesharudi, yuko mlangoni na chumvi yake. Koko akaweka ungo chini. Nilijua atanipiga. Akauliza:

“Nani amekutuma?”

“Hakuna. Nimejituma.”

“Basi kaa vizuri. Habari ya namna hiyo muntu haileti amechuchumaa kama anayewinda panzi.”

Nikakaa, miguu nimeikunja, mikono juu ya magoti.

“Sema tena. Na jina lake lote.”

Nikasema tena. Soudi bin Kizito, mtoto wako wa kwanza, alikwenda Lokandu mwaka wa njaa, hakurudi, amekufa.

Unajua alisema nini? Nakuandikia vilevile, sitaongeza wala kupunguza, maana haya ni yenu wewe na Mama.

Alisema, “Njo weye wa kwanza.”

Halafu akasema, akimwangalia Mama, “Miaka yote hii. Mutoto wangu mumoja amekaa Dar, mwingine amekaa jikoni kwangu, wakubwa wote, wana ndevu na watoto, na hakuna hata mumoja aliyekuja kukaa mbele yangu akaniambia. Mama hajipelekei habari ya mutoto wake. Inaletwa. Muntu wa nyumba anakuja, anakaa, anasema, njo mama anaweza kulia. Ninyi mulitaka nitoke barabarani nijitangazie mwenyewe, kama muntu anayeuza mikate?”

Mama akasema, “Mama, sisi tulidhani unamungojea.”

“Nilingojea muntu aniambie! Watu wakiniuliza Soudi iko wapi, ningesema nini? Nikasema iko Lokandu. Hamukunipa neno lingine.”

Akafungua kilemba chake. Akalia, Mjomba. Sijawahi kusikia kilio kama hicho, kilikuwa kizima, hakijatumika. Mama akatupa chumvi akaangukia magoti ya Koko. Jirani akaruka ua na pacha wote wawili. Watu wakajaa, wakauliza nani, lini. Koko akawajibu, “Soudi. Leo. Nimeambiwa leo.” Na hakuna aliyecheka, hata wale wenye midomo. Wanaume wakaleta vitanda vya kukalia na mabati ya kivuli, kilio kikakaa. Sheikh akasali sala ya maiti aliye mbali. Kila aliyeingia alinipa pole mimi kwanza, kwa sababu mimi njo nilileta habari, na mleta habari anakaa karibu na mama wa marehemu. Mimi! Watu mia moja wakanishika mkono, nami nikawajibu kila mmoja. Nilikuwa sina pa kukimbilia.

Ilipokwisha siku ya tatu Koko aliniita. “Ile karatasi ilete. Andika jina langu.” Nikaandika kwa herufi kubwa. Tukaenda duane naye mwenyewe, amevaa nguo ya msiba, karata ya uchaguzi ameishika mbele kama taa. Sefu Florentin akasimama. Akasema, “Poleni, Mama. Nani amefariki?”

Koko akasema, “Njo yule uliyemungojea.”

Aliona kwamba wino wa jina si wino wako. Akamfanya Koko atie sahihi yake kando ya jina, na Mama kama shahidi, na yeye akaandika tarehe. Kabla mwezi haujaisha. Kitambo kidogo tu kabla haujaisha.

Sasa mashine iko uwanjani, juu ya sakafu ngumu kama ulivyoagiza. Imefunikwa turubai. Haijawashwa hata mara moja, na nakuomba usicheke: Koko amekataza injini isingurume mpaka arobaini ipite. Kwa hiyo baada ya Kigoma, baada ya Kalemie, treni, duane, na fakitire iliyosifiwa mwaka mzima, muchele wa arobaini ya Mjomba Soudi unatwangwa kwa mikono. Wanawake wa mtaa wote wamekuja na vinu vyao. Mama hawamuachii mchi. Wamemkalisha kitako karibu na turubai, aangalie mashine yake. Wakulima wa Pangi walikuja kulalamika, wakaona kilio, wakaacha magunia mawili wakaenda.

Kitanda kizuri nimepewa. Nimelala siku mbili, ya tatu nimerudi mkekani. Bado nazoea. Nimemwambia Koko kwamba nilikuwa namuonea wivu marehemu. Akasema hata wewe, Mjomba, na Mama mlikuwa mnamuonea wivu, alikuwa anapendwa kuliko inavyofaa.

Arobaini iko mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Treni unaijua, ukitaka kufika ondoka mapema. Koko anauliza kila asubuhi kama unakuja, na kila asubuhi wanawake wananiangalia mimi nijibu, kwa vile sasa wamenifanya mleta habari wa nyumba. Sijamjibu, Mjomba. Hiyo siyo habari ya kuletwa na mimi.

Nuru